Kuku wa Wiki za Bure

Mimi ni mtu wa kinyongo na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Wengine husahau, mimi huweka. Cha huyu mtu nilikiweka zaidi ya miaka thelathini.

Alikuwa karani wa kodi katika nyumba tulizokulia, nyuma ya mtaa wa Woodley, mali ya shirika lililopangisha watu wa mshahara mdogo. Mama alifulia watu nguo huko Loresho, na kila Ijumaa alipanga foleni kwenye dirisha la karani na kadi yake ya kodi mkononi. Lakini wiki mbili za Pasaka na wiki mbili za Krismasi hatukulipa kitu. Tuliziita wiki za bure. Karani ndiye aliyetufunza jina hilo, na alilitamka kama mtu anayetoa mfukoni mwake.

Kwa hiyo alishukuriwa. Kila Desemba mama alimpelekea kuku. Tulimfuga wenyewe nyuma ya jikoni tangu Juni, na kazi ya kumbeba, miguu imefungwa kamba na kichwa chini, ilikuwa yangu. Sisi Krismasi tulikula chapati kwa ndengu. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la saba, mama alitoa kuku na kusema asante, na karani akaweka mkono sikioni, foleni nzima ikitazama.

"Sikuskii, mama. Asante ya nini?"

"Asante kwa wiki za bure."

"Ongea kama mtu amekula!"

Akarudia kwa sauti. Watu wakacheka, wengine kwa woga tu. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mtu vizuri, sikio lake kubwa lililokunjika juu, kalamu zake mbili mfukoni, nikamweka.

Jioni nilitoa kadi ya kodi kwenye mkebe wa mama nikasoma nyuma yake. Kulikuwa na Kiingereza cha herufi ndogo, ambacho mama hakukijua na karani alikijua sana. Kodi ya mwaka mzima, ilisema, imegawanywa kwa wiki arobaini na nane badala ya hamsini na mbili. Yaani kila Ijumaa mama alikuwa akiongeza kidogo juu ya kodi yake, na kidogo hicho ndicho kilicholipia zile wiki nne. Hakuna aliyempa kitu. Tena aliyekuwa na deni hakupumzishwa hata Krismasi. Aliendelea kulipa mpaka deni liishe. Kilichokwenda bure ni asante yetu.

Nilimsomea mama neno kwa neno. Alinisikiliza huku akikunja nguo.

"Sasa unataka tulale wapi?" akauliza. "Funguo ziko kwake."

Desemba iliyofuata nilibeba kuku tena.

Malipo ni hapa hapa duniani, watu husema. Mimi naona dunia ina shughuli nyingi, afadhali uisaidie.

Leo nina vyumba sita vya kupangisha pale mtaa wa Satellite. Januari iliyopita mzee mmoja alikuja kuulizia chumba, akiegemea mkongojo. Hakunijua. Mimi nililijua sikio.

"Kwangu, mzee, Desemba ni ya bure," nikamwambia, nikamtajia kodi. Nilikuwa nimechukua ya miezi kumi na miwili nikaigawanya kwa kumi na mmoja.

Akatazama juu, midomo ikipiga hesabu. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, haikumchukua muda.

"Hiyo ya bure ulifunzwa na nani?"

"Na karani fulani. Na ya bure huku hushukuriwa na kuku."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Alinikodolea macho, na nikaona amenijua. Angeweza kwenda zake. Lakini goti lake lilikuwa bovu, na vyumba visivyo na ngazi mtaa ule ni haba. Akalipa. Mkuki kwa nguruwe.

Desemba ilipofika alikuja mlangoni kwangu na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba.

"Asante," akasema.

"Sikuskii, mzee. Asante ya nini?"

Wapangaji wengine walikuwa wakianika nguo uani. Wakageuka wote kutazama.

"Asante kwa mwezi wa bure." Kidevu kilimtetemeka. Nitasema ukweli, ilinipendeza. Nikamwambia arudie, akarudia.

Nilimpeleka yule jogoo kwa mama, ambaye bado anaishi katika nyumba ile ile. Nilimchinja, nikampika jikoni mwake, nikampakulia mama paja na firigisi, nikamsimulia yote, hata kidevu. Kisha nikangoja acheke. Kicheko hicho nilikuwa nakidai tangu darasa la saba.

"Na alikuwa amelipa?" akauliza.

"Miezi yote kumi na mmoja."

Mama aliisukuma sahani polepole upande wangu.

"Hii kuku naijua," akasema.

Akajimiminia chai, akakaa kando ya dirisha. Mimi nilikula. Nilikula paja, nikala firigisi, nikafika shingoni, mama akinisikiliza nikivunja mifupa.