Kikombe cha Msoma Kalenda

Msoma kalenda wa mtaa wetu hapa Kumbakonam huhesabu siku za mwezi kwa kidole gumba, akikipitisha kwenye pingili za vidole vyake vilivyokolea manjano ya binzari, midomo ikichezacheza. Ukimwuliza siku njema ya harusi au ya kununua pikipiki, hukujibu kwa sauti ya puani, kama umemwamsha: "Ijumaa. Asubuhi. Na usichelewe." Saa ya Rahu ikiingia, ile saa mbaya ambayo hubadilika kila siku na hakuna anayeanza jambo ndani yake, yeye hata kahawa haigusi. Hukifunika kikombe chake cha shaba na kutulia. Sisi tunaosuka maua ng'ambo ya barabara hatuna haja ya saa, tunatazama kikombe.

Jumatatu asubuhi bajaji ilipunguza mwendo mbele yake, ndani yumo jirani yetu Alamelu na mkwe wake aliyekuwa akiugulia uchungu wa kuzaa. Alamelu akakiona kikombe kimefunikwa, akamkamata dereva bega.

"Simama! Tungoje ipite kwanza."

"Ipite nini?" msoma kalenda akafoka. "Imeshapita kitambo! Uzee tu huu, nimesahau kufunua." Akaondoa kifuniko, akapiga funda kubwa Alamelu akimtazama, akawapungia mkono waende.

Bajaji ikakata kona ya hospitali. Ndipo msoma kalenda akainama, akaitema mferejini kahawa yote aliyoibania mashavuni, akasukutua kinywa, akakifunika kikombe, akaendelea kungoja.