Anzia Hapa Katikati

Kuna siku moja ya wakati wa vita, mwanangu, naikumbuka kila nikikuona umeinamisha kichwa. Jana ulirudi kutoka chuo kikuu ukaniambia mimi shangazi yako kwamba unaacha hesabu. Wenzako wanaandika uthibitisho moja kwa moja bila kukwama, na wewe ukiuliza swali wanakucheka. Ulikuwa unalia, nikakuacha ulie kwanza. Leo umetulia, basi sogeza hayo majani ya muhogo ya sombe tuyachambue pamoja, na unisikilize.

Mimi pia nilisoma hesabu chuo kikuu, hapa Kindu. Treni ilikuwa imesimama, babu yako alifanya kazi ya reli bila mshahara, na chaki ilikuwa adimu hata mwalimu wetu, asistanti wa profesa, aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Sekondari nilikuwa wa kwanza, na nilijua njia moja tu ya kusoma, nayo ni kuimba. Nilikuwa mtu wa kwaya. Uthibitisho mzima niliutilia sauti, na kikundi chetu kiliuimba mtumbwini tukivuka mto kurudi Alunguli, ng'ambo. Nilijivuna sana, usinicheke.

Kikundini alikuwemo kijana aitwaye Ramazani, aliyetukatiza kila mara. "Ngoja kwanza," alisema, akitaka sababu ya kila mstari, "juu ya nini iko hivi?" Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Siku hiyo asistanti aliniita ubaoni. Niliandika mbio mbio, darasa zima likinitazama. Kabla sijamaliza akafuta yote, akaacha mstari mmoja wa katikati. Akasema, "Anzia hapa."

Mwanangu, sikuweza. Nilijaribu kuuimba kimoyomoyo tangu mwanzo, nao ukanipotea. Akaniambia kwa upole, "Dada, wimbo njo unakubeba. Weye haujatembea bado." Nilitoka nje nimeamua kurudi nyumbani kulima, nisiguse hesabu tena.

Aliyenifuata ni Ramazani, na hakunicheka. Aliniuliza tu mstari ule umetoka wapi. Tulikaa nao mchana kutwa, tukiuvunja na kuujenga, mpaka nikauelewa. Furaha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisikie.

Tukasoma hivyo hadi siku alipovuka kwenda kumwona mama yake. Risasi zikaanza, watu wakaacha kuvuka mto. Hatujamwona tena mpaka leo. Kwenye mtihani asistanti alinipa tena mstari wa katikati. Nikajiuliza swali la Ramazani, nikaendelea mpaka mwisho. Nilifaulu huku nalia, na bado namlilia.

Kwa hiyo nakwambia wazi: aliyekuwa nyuma ni mimi niliyecheka, si yeye aliyeuliza. Usikimbilie kukariri. Uliza, hata darasa zima likicheka, na mstari mmoja ukikugharimu siku nzima, siku hiyo haikupotea. Tafuta mwenzako mmoja wa kuuliza naye. Ukimsikia mwingine akiuliza kama wewe, sogea ukae karibu naye, maana hujui mtakuwa pamoja mpaka lini.

Kesho utarudi. Mungu akufungue akili, akuvushe mto salama kwenda na kurudi, akupe rafiki asiyekucheka. Na pale ulipokwama, mwanangu, anzia hapo hapo.