Biskuti za Mbwa na Kuku wa Jirani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu. Mimi nasema kwa sababu ndivyo nilivyo. Katika miaka yote tuliyokaa Mtwara, nilifika bandarini mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nampelekea mume wangu miwani aliyoisahau mezani. Alikuwa karani huko. Ufukwe wa Mnazi Bay niliusikia kwa watu. Yote yaliyonipata katika miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya sabini, yalinipata uani, na hili la mbwa lilikuwa kubwa kuliko mengine.

Mbwa alitoka Mahurunga. Mume wangu alikwenda huko kwenye msiba wa mwenzake wa kazini, akarudi juu ya lori akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililochanika.

"Nimepewa zawadi," alisema. "Hodari huyu. Kule alikuwa analinda mpunga."

Huko Mahurunga, kando ya mto, mbwa hodari ni yule asiyeuliza maswali. Kinachoingia shambani, awe nguruwe, awe nyani, anakiondoa. Hakuna aliyemweleza kwamba uani kwetu, mtaa wa Majengo, si shamba la mpunga. Na kabla hajaelezwa, mume wangu akaitwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya mwezi mzima. Aliniachia mbwa na jina lake, jina la Kimakonde ambalo ulimi wangu wa Songea ulishindwa kabisa kulitamka. Nikawa namwita "we".

Siku ya nne baada ya yeye kuondoka, jirani yangu aliingia bila hodi. Alikuwa mama wa makamo, mwuza vitumbua, mtu wa maneno makali na mikono safi. Alikuwa ameshika jogoo kwa miguu, kichwa kinaning'inia.

"Mke wa karani! Unamwona huyu?"

"Namwona, mama."

"Yeye hakuoni. Amekufa. Mbwa wako kamuua mbele ya macho yangu, halafu hakumla hata kidogo. Kamweka chini, kanitazama, kama nimpe asante!"

Nilijaribu kusema kwamba huko kwao ndivyo wanavyofanya, wanaua na kuweka. Hilo halikusaidia. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, na jioni ile balozi akaja, mzee mpole mwenye daftari ambalo sikuwahi kumwona akiandika kitu ndani yake.

"Ndugu," aliniambia, "Alhamisi ya wiki ijayo anakuja bwana mifugo na bunduki. Kichaa cha mbwa kimesikika upande wa Nanyamba, mbwa wote wasiotulia wanaondolewa. Siku hiyo tutakuja hapa kwanza. Tutaweka kuku mbele ya mbwa wako. Akitulia, abaki. Asipotulia, bwana mifugo atakuwa ameshafika."

Nilikuwa na siku tisa.

Nisiseme uongo, sikuwa nampenda sana yule mbwa. Lakini alikuwa na tabia ya kulala mlangoni pa jiko nikipika, pua yake juu ya kizingiti, bila kuingia. Na mimi, mume akiwa hayupo, huwa naongea peke yangu. Ilifika mahali nikawa siongei peke yangu. Kumtoa apigwe risasi kwa sababu alifanya kazi aliyofundishwa, hilo lilinishinda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi askari mstaafu aliyewahi kutunza mbwa wa polisi. Watu wote walimwita Afande, hata mkewe. Nilikwenda kumwomba anifundishie mbwa.

"Mbwa sifundishi," alisema. "Nafundisha mwenye mbwa. Unajua kupika?"

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika darasa la upishi mtawa aliyetufundisha alionyesha keki yangu kwa wasichana wote. Hakusema ni mfano wa nini, lakini alionyesha.

"Basi oka biskuti," Afande alisema. "Kavu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, zinuke samaki. Nyama inachafua mkono, mbwa anatazama mkono badala ya kukutazama wewe. Biskuti anaimeza, anakutazama tena. Mwambie 'tulia'. Akitulia, mpe. Asipotulia, usimpe na usimpige. Umenielewa?"

"Ndiyo, Afande."

"Na usizile wewe."

Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Oveni sikuwa nayo. Nilichukua sufuria kubwa, nikamwaga mchanga mkavu chini, juu ya mchanga nikaweka sahani ya bati, nikafunika kwa mfuniko, makaa chini na makaa juu. Unga wa ngano ulikuwa wa shida, nikatumia wa muhogo. Dagaa niliwatwanga, nikaweka yai moja na maji. Zilizotoka mle ndani zilifaa kujengea. Mbwa alinusa moja, akaichukua kwa heshima, akaenda kuizika karibu na choo. Akarudi akachukua ya pili, akaizika kando ya mwenzake.

Kutoka upande wa pili wa ua wa makuti ilikuja sauti.

"Nkate huo?"

Jirani alikuwa amesimama kwake, vitumbua vyake vikikaangika nyuma yake, ananichungulia katikati ya makuti. Mtu wa Newala yule. Akihamaki, herufi zake zilirudi kwao.

"Ni biskuti, mama. Za mbwa."

"Najua za nani, nchi nzima inanuka dagaa. Nakuuliza ni kitu gani. Makaa umeweka mengi chini, juu machache. Muhogo bila mafuta unakuwa jiwe. Hivi huko kwenu nani alikufundisha?"

"Mtawa."

"Alikuwa amefunga siku hiyo."

Nikamwambia kwamba, kwa kuwa anataka mbwa aondoke, heri aniache nikosee.

"Aondoke, ndiyo," alisema. "Lakini mimi naoka tangu nimevunja ungo, siwezi kusimama hapa kila siku natazama unga ukiteswa. Chini makaa matatu tu. Juu jaza. Na uweke kitu cha nazi, usiwe mchoyo."

Nazi nzima kwa mbwa, hapo hata mimi niliona ni kufuru. Lakini nilikuwa nimekuna nazi ya mchuzi mchana ule, na yale makapi yaliyobaki baada ya kukamua tui, machicha, yalikuwa kwenye bakuli. Kwetu Songea hatukuwa na minazi. Nilikuwa nikiyatupa kila siku na kujilaumu. Nikayachanganya humo, nikijiona mwerevu, mhitimu wa upishi asiyepoteza kitu.

Safari hii zilitoka vizuri: kahawia, kavu, zinavunjika kwa mlio. Mbwa alikula ya kwanza, akakaa chini mwenyewe, akanitazama machoni. Siku mbili nilimfundisha kwa utulivu. "Tulia." Anatulia. Nampa. Narudi hatua tano, "tulia", anatulia. Nikapiga hatua kumi, nikajificha nyuma ya pipa, nikatokea. Bado yupo palepale, mkia unafagia vumbi. Kila alipopata moja, na mimi nilijipa moja. Sitaki kuhukumiwa. Ukisahau zimeokwa kwa ajili ya nani, zilikuwa na ladha.

Siku ya tatu ya mafunzo, kuku walikuja.

Alianza mmoja, mtetea mweupe wa jirani, akapenya chini ya makuti. Akafuata mwenzake na vifaranga. Halafu wote, wamenyoosha shingo, wanakimbia kama wameitwa kwa jina. Walinizunguka miguuni, wakadonoa makombo, mmoja akaruka akadonoa mfuko wa aproni yangu. Mbwa alisimama. Manyoya ya mgongo yalisimama naye.

"Tulia!" nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi ningeiogopa.

Alitulia, lakini alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nilimwaga biskuti upande wa pili wa ua, kuku wakazifuata, nikamfunga kamba.

Jirani alikuwa ameona yote. Nilitegemea kelele. Badala yake nilimsikia akicheka, ameshika nguzo ya ua ili asianguke.

"Umeweka machicha!"

"Umesema kitu cha nazi."

"Tui, nimesema moyoni mwangu, tui! Machicha ni chakula cha kuku, mke wa karani. Kuku wote wa pwani hii wanalelewa kwa machicha. Mimi asubuhi nikigonga kifuu tu wanakuja. Wewe umeoka chakula cha kuku, umekitia mfukoni, halafu unamfundisha mbwa kuacha kuku!" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Msomi!"

Nilikwenda kwa Afande na aibu yangu. Nilidhani ataniambia nianze upya, na siku zilizobaki zilikuwa nne. Alinisikiliza, akasugua kidevu.

"Ulitaka kumfundisha kuhusu kuku bila kuku?"

"Ningewapata wapi? Jirani hawezi kuniazima."

"Sasa wanakuja wenyewe. Usibadilishe kitu. Oka hizohizo."

Kazi ikawa kumweleza jirani. Nilisimama kwenye ua nikamwambia ukweli: kila asubuhi kuku wake watakuja kwangu, mbwa atakuwa kwenye kamba, na mimi nitakuwa katikati. Yeye hakuwa akimkaribia mbwa wangu. Akipita karibu naye alikuwa anashika nguo zake juu, maana kwa dini yake kulowa mate ya mbwa kungemletea kazi ya kuosha mara saba, na mara moja kwa udongo.

"Nitakaa upande wangu," alisema hatimaye, "na nitakuwa na mchi. Akigusa unyoya mmoja, mchi utavuka ua."

Kwa hiyo asubuhi nne tulifundisha mbwa sote: mimi na mfuko wangu, kuku na njaa yao, mama yule juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ameweka mchi magotini. Alikuwa msaidizi asiye na huruma. "Kamba umelegeza!" "Umempa umechelewa!" "Huyo mweupe msumbufu, hata mimi ningemuuma!" Siku ya pili mbwa alilalamika kwa sauti nyembamba lakini hakusogea. Siku ya tatu alimtazama kuku, akanitazama mimi, akamtazama kuku, akanitazama mimi. Siku ya nne nilifungua kamba.

Alhamisi walikuja asubuhi. Balozi na daftari lake, bwana mifugo na bunduki mgongoni, akisukuma baiskeli. Alikuwa mwanamume mnene, mchovu. Jirani alisimama kwake. Kuku hawakuhitaji kuletwa. Walikuwa wameshafika.

"Mfungue," balozi alisema.

Nilimfungua. Nilisema, "Tulia." Nikatia mkono mfukoni.

Mfuko ulikuwa mtupu. Tangu alfajiri nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi huwa inapitia mdomoni. Nilikuwa nimezila zote, moja moja, bila kujua, nikimsubiri mtu wa bunduki.

Mtetea mweupe alipita chini ya kidevu cha mbwa. Udenda ulimdondoka, ukamwangukia mtetea mgongoni. Nilimsikia jirani akivuta pumzi. Mbwa hakumtazama kuku. Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa sina cha kumpa. Bwana mifugo alishusha bunduki kutoka mgongoni, labda kwa uzito tu.

Nilitoa mkono mtupu, nikaufungua mbele yake. Alikuja polepole, akiwapita kuku mmoja mmoja kama mtu anayepita katikati ya waliokaa mkekani, akaulamba mpaka katikati ya vidole, palipobaki chumvi ya dagaa. Kisha akakaa.

Balozi aliwatazama kuku, akawahesabu kwa kidole. Akamgeukia jirani. "Unasemaje, mama?"

"Niseme nini? Mbwa ametulia." Akanielekezea mimi mchi. "Huyu ndiye aliyemlia chakula chake. Nimemwona tangu kunakucha, anatafuna tu. Kama mnatafuta wa kuondoa…"

Balozi alicheka, akaenda zake nyumba ya pili. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Bwana mifugo hakumfuata mara moja. Aliegemeza baiskeli ukutani, akahakikisha balozi amefika mbali, akachuchumaa karibu nami.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hizo biskuti unaoka siku gani?"

"Kwa nini?"

"Nina wangu nyumbani. Anauma wageni, ameng'ata baiskeli ya mchungaji, mke wangu hawezi kuanika nguo. Na mimi ndiye bwana mifugo. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilimwambia aje Jumamosi, na aje na mfuko.

"Usimwambie balozi," alisema, akapachika bunduki mgongoni.