Kadi Kubwa ya Binamu Otis

Sisi tuliokulia nyumba za wafanyakazi wa majani chai huku Kericho tulijua kutunza kitu. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi, tukala nyoyo, mahindi na maharagwe, kwa sufuria moja, na simu ilikuwa moja, ya mama. Ndani yake kulikuwa na memori kadi ya giga mbili, na kwenye kadi hiyo sauti ya marehemu Dani, nyanya yetu, akimbariki mama kwa Kijaluo. Jumapili baada ya kanisa mama alitukalisha tuisikize, na hakuna aliyethubutu kutafuna.

Likizo moja akaja binamu yetu Otis kutoka Nairobi, msomi wa kompyuta wa muhula mmoja, amevaa miwani ya jua kwenye ukungu wetu. Alitazama kadi yetu kama mtu aliyeonyeshwa kiroboto.

"Anti, hii ni ya kizamani. Nimekuletea ya giga thelathini na mbili."

"Simu yangu itaisoma?" mama akauliza.

"Kadi ni kadi, Anti."

Kwa kompyuta yake akahamishia kila kitu kwenye kadi kubwa, kisha akaijaza ile ndogo nyimbo zake za kelele. Kadi kubwa iliingia simuni vizuri kabisa. Simu ikasema haiisomi, ikauliza kama iifomati, yaani ifute kila kilichomo. Bwana mtaalamu akabonyeza ndiyo kabla mama hajamaliza kusoma swali.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Otis, nilikuuliza."

Kesho yake tulienda Kedowa kwa Chebet, fundi wa simu, mwanamke wa maneno machache.

"Kadi ni nzima," alisema. "Hii simu mwisho wake ni giga mbili. Kubwa kuliko hapo haielewi, hata uisukume na nyundo."

Alihangaika nayo siku mbili. Alichookoa ni Dani akiita jina la mama, basi. Mama aliirudisha sauti hiyo kwenye kadi ndogo, akaendelea kutukalisha kila Jumapili kusikiliza jina hilo moja. Otis alikuwa ameshapanda gari kurudi kwa masomo yake.

Simu za watoto wangu hazina hata tundu la kadi. Kila kitu kiko hewani, wananieleza polepole, kama wanaomweleza mgonjwa. Mkubwa amejaza picha za uso wake na za chipsi. Juzi nilimwomba anionyeshe picha ya mama yangu, nyanya yake, ambaye yuko hai hapo Kipkelion. Alitafuta mpaka chai ikapoa, akaniambia nimtumie.