Duara Kumi na Moja za Abdias

Bwana yangu Abdias alikuwa mwalimu wa jeografi huku Kamina, muntu wa kanisa, lakini kichwa ngumu, we! Mwaka wa tisini na saba rafiki yake Amédée, jeologe wa Lubumbashi, alimutumia foto ya satelite: inchi yetu, vile inaonekana toka juu mbinguni. Ndani yake kulikuwa duara kumi na moja. "Ni kuta za majiwe, bankambo betu ba zamani njo balijenga," Amédée aliandika. "Enda uone na macho."

Aka! Bengine banatafuta unga, yeye anatafuta majiwe. Kila siku ya posho, kesho yake ikiwa kanisa, anatembea polini. Kila hatua mia moja, anatosha haragi moja toka mufuko ya kushoto, anaitia ya kuume. Jioni anahesabu, anachora ramani. Maharagi yangu ya mbegu! Minyi nipande nini? Kokoto?

Mwaka uliofuata vita ikaanza tena. Basoda ba bariere ya pa barabara kubwa balimukamata na ramani yake na ile foto, kila duara imezungushwa na biki nyekundu.

"Weye espion! Unapelelezea adui!"

Nilikimbia pale na hasira yangu yote. Komanda wabo, Mputu, aliniambia polepole, "Mama Débora, tutaenda kuangalia duara moja. Kama majiwe haiko, utabakia mujane."

Minyi niliyetukana ile majiwe mwaka muzima, nikaanza kuiombea: Yesu wangu, ikuwe pale!

Tulitembea toka bariere. Abdias mbele, mikono imefungwa, anahesabu hatua kwa sauti. Minyi nyuma yake, nahamisha maharagi ya mufuko yake. Haragi ya makumi tatu na ine, tukaona ukuta. Wa majiwe, unafika kiunoni, umezunguka muzuri kabisa. Nililia sana, bila haya.

Mputu akauzunguka. Akachuchumaa nyuma ya ukuta, akachungulia kule barabara inapita.

"Mwalimu, ramani yako iko ya kweli. Kama ile kumi ingine iko vile, basoda bangu habatachimba hata shimo moja ya kupigania."

Bakamufungua, bakabeba ramani. Palepale basoda babili bakaanza kungoa majiwe ya upande mumoja, batie bunduki yabo kubwa.

"Acheni!" Abdias alipiga kelele. "Ile ni ya bankambo!"

Bakacheka. Nikamukamata bwana yangu shati. "Twende nyumbani, baba."

Tangu harusi yetu alikuwa hajanitii hata mara moja bila kubisha. Siku ile alinifuata, na iliniuma sana.