Farasi yenye Chadrack Aliacha

Saa tatu ya asubui courant ya umeme iko, lakini mu salle ya michezo ya Orpha hakuna muntu. Batoto beko ku masomo. Banc ya mbao, pembeni ya ukuta, iko wazi. Orpha anakaa yeye moya pa kiti ya plastike, manette ya kuchezea mu mikono, macho ku écran.

Mu écran, muntu mudogo wa koti nyekundu anasimama mu teluji. Orpha anafinya bouton moya. Ule muntu anatia vidole mu kinywa, anapiga muluzi. Muluzi inaenda mu milima, inarudia, inazimika. Orpha anangojea. Anamutembeza kidogo, anafinya tena.

Hakuna kintu inakuya.

"Unaita nani tena, weye?" Ni Mama Delphine, yenye anauzishaka mikate ya mafuta pa mulango ya salle. "Hata mbuzi yangu inajua ile muluzi sasa. Leo asubui ilisimama."

"Mama Delphine, acha. Naita farasi."

"Myaka mbili unaita farasi. Bwana ya kukuoa, haumuite hata siku moya."

Orpha anacheka bila kugeuka. "Bwana anajuaka njia peke yake. Farasi hapana."

Orpha iko na myaka makumi tatu na moya. Salle yake ni chumba moya mbele ya lupango ya nyumba ya baba yake, kule Kikula, mu muji ya Likasi. Mu ndani kuko écran moya, console moya ya zamani, na disque moya yenye ingali inatembea. Muchezo yake inaitwa Orvande. Ni inchi kubwa ya kufikiria tu: milima, pori, majitu ya mawe, miji yenye bantu balisha kukimbia. Hakuna njia ya kulazimisha. Unaenda kwenye unapenda.

Fasi ingine, kila muchezaji iko na muntu wake mu muchezo. Kwa Orpha, hapana. Ile console inashika paka safari moya tu. Njo maana tangu mwanzo batoto ba quartier bote balicheza muntu moya, yule wa koti nyekundu. Balimupatia jina Musafiri. Moya anacheza, anatoka. Mwingine anakaa, anaendelesha pale mwenzake aliacha.

"Tour moya ya kucheza ilikuwa tangu naweka chungu yangu ku mbabula ya makala mupaka inachemuka," Orpha anasema. "Batoto balikuwa banalomba Mungu makala yangu ikuwe na maji."

Kulikuwa sheria mbili. Ya kwanza: kulala. Muchezo inashika safari paka wakati Musafiri analala pembeni ya moto. Courant ikikatika mbele ya kulala, byote ulifanya inapotea, ni kama haukukaa hata pa kiti. Na mu Likasi courant haiombake ruhusa.

Ya pili: kuachia njia. Mbele ya kuamuka, unamusemea yenye anafwata Musafiri iko wapi, iko na nini mu mufuko, na hatari gani iko mbele. Ukisha kuachia njia, haiko tena mambo yako. Hata mwenzako amuangushe Musafiri mu mto, hakuna muntu atakuuliza kintu.

"'Uko mu pori ya kusini,'" Orpha anaigiza sauti ya batoto. "'Usikule uyoga ya buluu, inalewesha. Chui ya mawe unaipiga ku kisigino, si ku kichwa. Pa daraja, ngojea mvua ikatike. Na ule bibi wa soko ni mwizi, usimuuzishe kintu!'"

Ile wakati banc ilikuwa inajaa. Yannick alikuwa muntu wa upanga, Hénoc wa upinde, na kila mumoya alisema mwenzake anaharibu Musafiri. "Banabishana mupaka sauce yangu inaungua," Orpha anasema. "Jenny njo alikuwa anabanyamazisha: 'Mweye munacheza na misuli. Leteni ile manette kwa bantu ba akili.'"

Muntu yenye alileta Orvande mu ile nyumba ni Chadrack, mudogo yake Orpha. Disque alinunua ku Lubumbashi. Farasi pia, njo yeye alikamata: farasi ya kahawia, na alama nyeupe pa pua. Aliifwata mu majani mupaka ilichoka, na banc yote ilisimama, inapiga makofi.

Chadrack alikuwa anachimba mawe ya shaba mu carrière moya inje ya muji. Siku camion ya kubeba bachimbaji inachelewa, anakuya kukaa pa kiti.

Ile siku ya mwisho alikuwa mu katikati ya tour yake. Hénoc alikuwa pa banc, anangojea. Camion ikapiga klakson ku barabara. Chadrack akaruka.

"Hénoc akamulilia: 'Njia! Achia njia, bwana!'" Orpha anasema. "Chadrack alikuwa pa mulango, anafunga kamba ya kiatu. Akasema: 'Farasi niliificha muzuri, fasi yenye hata mvua haifike. Ntakuonesha nikirudia.' Akacheka, akakimbia. Njo ile."

Mangaribi, shimo ilianguka. Chadrack hakurudia. Alikuwa na myaka makumi mbili na mbili.

Kisha kilio, salle ilifunguka tena. Musafiri alikuwa pembeni ya moto na mifuko yake yote, lakini hakuwa na farasi. Mu Orvande farasi inakuyaka ku muluzi, lakini paka kama iko karibu, na ile inchi ni kubwa. Batoto balianza kutembea na kupiga muluzi. Balipita mu mapango, nyuma ya maporomoko ya maji, chini ya kanisa ya zamani, kila fasi yenye paa. Hakuna.

Kisha pale batoto balikuwa bakubwa. Yannick iko Kolwezi, anaendesha pikipiki. Hénoc iko Kakanda, mu kazi ya kusafisha mawe. Jenny anasuka nywele ku Lubumbashi. Batoto ba leo beko na telefone, kila mumoya na yake, kichwa chini. Siku ingine chungu ya Orpha inachemuka, na pa banc hakuna muntu wa kuambia kama tour yake imefika.

Orpha mwenyewe hakuwa muchezaji. Alijifunza manette peke yake, mu ile kimya.

"Mwanzo nilikuwa nagonga ukuta tu," anasema. "Siku moya jitu ilinipiga, nikaiomba pardon. Kwa sauti!"

Benye balienda, benye banamuita Yaya, dada mukubwa, balibakia mu groupe ya telefone. Groupe inaitwa Banc. Mule njo banamutumia mashauri, na Orpha anasikiliza wakati anacheza. Anafungua moya, sauti ya Hénoc, na mashine inanguruma nyuma yake.

"Yaya Orpha, bonjour. Minye mawazo yangu ni ile ile. Nunua farasi ingine. Ku soko ya mashariki kuko moya nyeusi, inakimbia kupita ile. Ile ya kahawia, muchezo ilisha kuikula. Twende mbele, tumalize ile mulima ya baridi."

Orpha anatikisa kichwa. "Hénoc ni vile. Anaogopa kulia, basi anakutuma ku soko."

Mulima ya baridi njo mwisho ya Orvande, na bila farasi haufike kule juu. Lakini Orpha hatafute farasi juu ya kumaliza.

"Natafuta fasi yenye Chadrack alisimama," anasema pole pole. "Aliona fasi moya nzuri, akaificha farasi mule, akacheka. Minye nataka kusimama pale pale. Ile tour yake ya mwisho, hakuachia muntu njia. Nikiipata, ni kama aliniachia minye."

Anafinya bouton. Muluzi inaenda, inarudia.

Telefone inalia. Ni Jenny, sauti yake inapita juu ya séchoir ya kukausha nywele ya salon.

"Yaya Orpha, kuko kintu inanisumbua tangu jana, nasuka muntu na akili haiko. Ile siku, kisha Chadrack kutoka, nani alikaa pa kiti?"

"Hénoc," Orpha anamujibu. "Alikuwa anafwata."

"Alikaa, ndiyo. Lakini alicheza?"

Orpha anaweka manette chini. Swali inaenda mu groupe. Mama Delphine anageuza mikate mara mbili mbele jibu ya Hénoc ifike.

"Minye? Sikucheza. Nilikamata manette, nikakaa muzuri, courant ikakatika. Hata bouton moya sikufinya! Nilikasirika sana. Yaya, weye mwenyewe ulisema mukuye kesho." Mashine inanguruma nyuma yake. "Na kesho njo ilikuwa kilio."

Orpha anaweka telefone pa goti. Mu écran teluji inaendelea kuanguka juu ya Musafiri.

Chadrack alikimbia camion bila kulala pa moto. Hénoc hakupata wakati wa kulala. Courant ilienda, na byote Chadrack alifanya ile siku ilienda nayo. Ile fasi yenye mvua haifike ilikuwa na farasi ndani kwa tour moya tu, kisha haikuwa. Sheria ya kwanza ya banc, yenye hata mutoto wa primaire aliijua, kilio iliitosha mu vichwa ya bote. Myaka mbili balitafuta alama ya muntu mu inchi yenye haikumbuke kama alipita.

"Aa," Orpha anasema. Kisha tena: "Aa."

Mama Delphine anatia kichwa mu mulango. "Ni nini? Nani alikufa?"

"Hakuna, Mama. Ni paka ule ule moya tu."

Mama Delphine anafunika mikate yake na kitambaa, anaingia, anasimama nyuma ya kiti. 

Kama tour ya Chadrack ilipotea, basi farasi iko kwenye ilikuwa mbele Chadrack akae pa kiti. Na mbele ya Chadrack, yenye alikuwa pa kiti ni Yannick. Orpha anamuuliza. Yannick anajibu kutoka Kolwezi, pikipiki inalia chini yake.

"Niliiacha ku moulin ya zamani, kinu ya upepo, ile ya mabawa ya kuvunjika. Mbali kidogo kulikuwa pango moya ndogo, farasi haiwezi kuingia, nikaenda na miguu, kisha nikalala pa moto kule. Nilimuachia Chadrack njia muzuri, na aliniambia anaenda kuikamata. Mais Yaya, nilisha kuachia njia. Haikuwa tena mambo yangu. Njo maana sikusema kintu." Anakohoa. "Pardon, Yaya. Vraiment."

Musafiri anageuka, anashuka mulima. Orpha anamupitisha mu pori ya kusini, mbali na uyoga ya buluu. Chui ya mawe inatoka, anaipiga ku kisigino. Pa daraja mvua inanyesha. Orpha anamusimamisha na anangojea ikatike, vile banc ilimufundisha.

"Juu ya nini hapite?" Mama Delphine anauliza.

"Mbao inateleza. Yannick alianguka hapa mara tatu."

Moulin inatokea nyuma ya majani, mabawa ya kuvunjika juu yake. Hakuna muntu ya banc alikuya huku tena, juu bote balijua kama Chadrack alisha kuitosha farasi pale. Orpha anafinya bouton. Muluzi inaenda.

Kwato inasikilika nyuma ya ukuta. Farasi ya kahawia inatoka, alama nyeupe pa pua. Inafika mupaka kwa Musafiri, inaweka kichwa pa bega yake.

"Njo ile?" Mama Delphine anasema.

"Njo ile."

"Yesu. Myaka mbili, na haikukonda hata kidogo." Anapangusa mikono ku kikwembe. Kisha anaangalia uso ya Orpha. "Sasa unalia juu ya nini? Si ilikuya?"

"Ilikuya, Mama. Mais haitoke kwa Chadrack. Inatoka kwa Yannick."

Mama Delphine anakaa pa banc. Mbao inalia. Anabakia pale muda mukubwa, mupaka muntu moya ku barabara anaita mikate, na anatoka.

Orpha hapande farasi. Kwanza anawasha moto pembeni ya moulin, anamulalisha Musafiri. Alama ndogo inazunguka mu kona ya écran, inapotea. Safari ilisha kushikwa. Courant inaweza kwenda sasa.

"Ile tour, minye ntaifanya," anasema, na anapangusa macho na mukono ya manette. "Chadrack alitoka hapa na farasi, na akafika kule mbele camion ipige klakson. Basi ile fasi haiko mbali. Ntaitafuta. Ntaweka farasi kwenye mvua haifike, kisha ntalala pa moto. Hii mara itabakia."

Na ku sikukuu ya Noël, Krismasi, nani atakuya? Jenny alisema atakuya. Yannick alisema kama pikipiki inamuachilia. Hénoc hakusema kintu, lakini Orpha anajua njia ya kumuleta: upinde inabakia mu mufuko ya Musafiri, na hakuna muntu ataigusa. Mulima ya baridi, hataipanda yeye moya. Anataka banc ijae siku ile, hata kama ni siku moya tu, hata kama sauce inaungua.

Anainua telefone karibu ya kinywa.

"Banc, sikieni. Musafiri iko ku moulin ya zamani, iko na farasi. Alisha kulala. Mbele kuko mto, na mvua inatoka ku milima, basi angalia daraja. Ule bibi wa soko angali mwizi. Minye naamuka pa kiti."

Anaachilia bouton.  Ku Kolwezi, ku Kakanda, ku Lubumbashi, bantu beko ku kazi.

Orpha anaweka manette pa kiti ya plastike. Anaenda kukaa pa banc, ku mwisho karibu ya mulango, na anaacha nafasi pembeni yake. Inje, ku mbabula, chungu inaanza kuchemuka.

"Yenye atafika wa kwanza," anasema, "ntamupatia njia. Na ntamulomba akae pole pole. Ile siku, chungu ntaitosha ku moto."