Dada Alivyosimama Mbele ya Kamera

Kamera ya baba, ya kuchukua sinema, ilienea mfukoni mwa koti. Aliinunua kwa Mbelgiji mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Haikutaka betri. Ulizungusha ufunguo ubavuni, ukabonyeza, ikanguruma mpaka ufunguo uishiwe nguvu. Ndiyo maana iliendelea kufanya kazi mjini kwetu Likasi wakati betri, sukari na mishahara vilipopotea.

Filamu zilikuwa fupi, na zilipelekwa Ulaya kusafishwa, kwa hiyo baba alizitumia kwa ubahili. Alituchukua picha kwenye ubatizo, kwenye mpira, na kule ziwani Tshangalele akina mama wakianika samaki. Kila mara alitukumbusha kwamba hii si foto, ni sinema, tutembee. Nasi tulisimama wima kama tulioitwa ofisini. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha watu wa mkoa wa Kasai walioishi kwetu wakaambiwa warudi kwao. Shemeji alihesabiwa wa huko, ingawa alizaliwa hapa hapa, na dada yangu mkubwa alikuwa mke wake. Kaka yetu alikuwa miongoni mwa vijana waliopita wakigonga milango ya Wakasai kuwafukuza. Nyumbani hatukulizungumza. Tulikula, tukalala, tukaamka. Sikusikia uchungu wowote, na hilo linanitisha hata leo.

Siku treni ya kuwapeleka ilipopatikana, mama alimwomba baba amchukue dada kwa kamera, ili abaki na kitu cha kutazama. Baba alikuwa na filamu moja, ya mwisho. Tulimkuta dada kando ya behewa, mtoto wake mchanga mgongoni. Mtoto huyo hatukuwa tumemshika sana, maana tulikuwa tumeacha kwenda kwao. Baba alipoinua kamera, dada alitutazama, kisha akatugeuzia mgongo na kutulia hivyo.

"Geuka, mama," baba alimwambia. "Filme iko moya tu."

Hakugeuka. Baba hakuondoa kidole, na filamu yote iliishia pale.

Baadaye habari ilifika kwamba mtoto alifia njiani kwa kuhara, akazikwa kando ya reli. Mama alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuyachambua.

Padri mmoja alipeleka filamu Ulaya akairudisha. Siku umeme ulipokuwapo tulitundika shuka ukutani, baba akawasha projekta, tukauona ule mgongo. Mama alisema dada ana haki, tumestahili. Hakutaka kuiona tena. Tangu hapo ilijulikana kwetu kwamba dada anatuchukia, na hakuna aliyebisha.

Dada alirudi baada ya miaka, kwa matanga ya mama. Baba alimuuliza kwa nini siku ile alikataa kugeuka. Dada alimshangaa.

"Sura yangu mulikuwa munaijua, papa. Ya mutoto hamukuwa mumeizoea."

Baba alikwenda kuitafuta filamu, akaiweka kwenye projekta. Mtoto alikuwa pale, shavu limelala kwenye mgongo wa mama yake, macho wazi, akitutazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Nililia, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Marehemu mama yetu alikuwa ameiangalia mara moja tu, na yeye pia aliuona mgongo tu.